Kutoka Kusadikika Hadi Kufikirika: Furaha na Masikitiko ya Msomaji

Katika madarasa yetu ya fasihi imekuwa desturi kuvitaja pamoja vitabu viwili vya Shaaban Robert: Kusadikika na Kufikirika. Majina yake yanalingana kama pacha. Nchi zinazosimuliwa humo hazimo katika ramani yoyote. Na mwandishi ni yule yule. Mwanafunzi akimaliza cha kwanza hukabidhiwa cha pili, na huambiwa kwamba humo atakuta utamu ule ule. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini utamu huo haupo, au, kwa uangalifu zaidi, kwa nini mimi sikuuonja, na kuuliza ni kitu gani hasa kilichopungua baina ya nchi ya kwanza na nchi ya pili.

Kusema hivi si jambo jepesi. Shaaban Robert ni mzee wetu katika fani hii, na mzee hakosolewi mbele ya wageni. Mara nyingi tunapozihakiki kazi zake huanza na sifa tukamaliza na sifa, na katikati tukaweka muhtasari wa hadithi. Nilitanabahi athari ya jambo hili nilipokuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wangu. Mmoja wao alikuwa ameandika kwamba Kufikirika kilimchosha, kisha akaifuta sentensi hiyo kwa mistari miwili na juu yake akaandika kwamba kitabu hicho ni hazina ya hekima. Nilimpa alama kwa sentensi aliyoifuta. Lakini alama hazitoshi. Yafaa mwalimu naye athubutu kuiandika sentensi hiyo kwa wino, kisha aitolee ushahidi.

Je, hivi ni vitabu vya mfululizo?

Yawezekana msomaji akapinga tangu mwanzo kwamba Kufikirika si mwendelezo wa Kusadikika. Hana kosa. Hakuna mhusika hata mmoja anayevuka kutoka kitabu kimoja kuingia katika kingine. Kusadikika kilichapishwa mwaka 1951. Kufikirika kilitoka mwaka 1967, miaka mitano baada ya mwandishi kufariki. Mpangilio wa kuchapishwa si lazima uwe mpangilio wa kuandikwa, na kitabu kinachotoka baada ya mwandishi kufariki hakiwezi kujitetea kwa habari ya mahali kilipopangwa rafuni.

Hata hivyo, msomaji naye ana haki zake. Alivipokea vitabu hivi kwa mpangilio huo, akaona jina la pili likimwita jina la kwanza, akatarajia kwamba mlango uliofunguliwa mwaka 1951 ungefunguliwa zaidi. Na katikati ya miaka hiyo mambo makubwa yalikwisha tokea: Tanganyika ilipata uhuru wake mwaka 1961, na wengi waliomsoma Karama wakiwa chini ya utawala wa kigeni walikisoma Kufikirika wakiwa raia. Huu ni mfululizo wa jina na wa matarajio, ijapokuwa si mfululizo wa visa. Masikitiko tunayoyajadili yalizaliwa katika matarajio hayo, na mhakiki akiyapuuza matarajio ya msomaji atakuwa amepuuza nusu ya maisha ya kitabu.

Majina mawili na mzizi wa tofauti

Tuanze na majina, kwa kuwa sisi ni watu wa lugha. Yote mawili yamejengwa kwa kiambishi kimoja, -ik-, kinachokipa kitenzi maana ya kuwezekana au kuwa katika hali fulani. Kinachosadikika ni kile kinachoweza kusadikiwa. Kinachofikirika ni kile kinachoweza kufikiriwa. Kwa sura ya nje, basi, majina haya ni sawa. Tofauti imo katika mashina.

Kusadiki kunahitaji watu wawili. Lazima awepo mmoja anayesema na mwingine anayesikiliza, na baina yao kuna shaka ambayo ama itaondoka ama itabaki. Mtu husadiki habari, husadiki ushahidi, husadiki mjumbe. Kufikiri hakuhitaji mwenzi. Mtu aweza kufikiri peke yake chumbani, mlango umefungwa, na hakuna wa kumbishia. Sidhani kwamba natia chumvi nikisema kwamba tofauti hii ndogo ya mashina ndiyo tofauti kubwa ya vitabu. Kusadikika ni kitabu cha watu wawili wanaoshindana juu ya kusadikiwa. Kufikirika ni kitabu cha mtu mmoja anayefikiri, na sisi tumekaribishwa kumsikiliza.

Nchi ya kwanza na furaha yake

Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Wengi wamekwisha eleza kwamba nchi hiyo ni istiara ya Tanganyika chini ya wakoloni, na maelezo hayo yana nguvu. Lakini nataka kwanza tuitazame kama nchi, kabla ya kuigeuza istiara. Nchi isiyokaa juu ya ardhi ni nchi ambayo hakuna kitu chake kilichosimama imara, na sheria yake pia haikusimama juu ya kitu. Waziri Majivuno anamshitaki Karama kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Yaani kosa lenyewe ni kutaka watu wajue kosa ni nini. Mwandishi hahitaji kutuhubiria kwamba utawala huu ni dhalimu. Hati ya mashtaka imekwisha sema yote.

Karama anapopewa nafasi ya kujitetea, hajitetei kwa nadharia. Anasimulia. Anawaeleza wakuu wa nchi habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya Kusadikika: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kila mmoja alikwenda, akapambana na hatari za njiani, akaona mambo mema katika nchi za wengine, akarudi na mapendekezo, na kila mmoja akatiwa gerezani kwa malipo ya kazi yake. Hapa ndipo jina la kitabu linapofanya kazi. Wajumbe walirudi na habari za kweli, wakakosa wa kuwasadiki. Karama anazirudia habari zile zile mbele ya baraza lile lile lililozikataa, naye asiposadikiwa ataangamia. Masimulizi yake ni ushahidi, na ushahidi huo ni ngao ya roho yake.

Msomaji wa Alfu Lela u Lela ataitambua mbinu hii mara moja, maana humo pia yumo msimuliaji anayesimulia ili asife. Lakini Shaaban Robert ameongeza jambo lake. Katika ngano za aina hiyo mfalme hufurahishwa na hadithi asizozijua. Katika Kusadikika wakuu wanasimuliwa mambo waliyoyatenda wao wenyewe. Kila mjumbe anayetajwa ni shtaka jipya, na polepole mshitakiwa anageuka mshitaki bila kuinuka mahali pake. Sijui riwaya nyingine ya Kiswahili ya miaka hiyo ambayo kizimba kinahama kwa namna hiyo, mbele ya macho ya watu, na hakuna askari anayeweza kukizuia.

Wapo wasemao kwamba visa vya wajumbe vinafanana mno, na kwamba mtu akisoma viwili au vitatu amekwisha visoma vyote. Nilikuwa na maoni hayo zamani. Sina tena. Wajumbe walitumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Baada ya hapo hakuna upande mwingine uliobaki wa kumtuma mtu. Marudio haya yanafunga milango ya ulimwengu mmoja baada ya mwingine, hata msomaji anatambua kwamba Kusadikika imekataa mema yanayotoka kila upande unaoweza kutajwa kwa lugha ya binadamu. Mwondoe mjumbe mmoja, na ulimwengu utabaki na tundu. Ndiyo sababu ushindi wa Karama mwishoni, na kufunguliwa kwa wajumbe waliofungwa, havionekani kuwa zawadi ya mwandishi kwa mhusika wake. Vimelipiwa.

Nchi ya pili na ahadi zake

Ilikuwa haki, basi, kuifungua Kufikirika kwa hamu. Na tusiufiche ukweli: kitabu kinaanza vizuri. Nchi inatambulishwa kwa mipaka yake, na mipaka hiyo ina majina ya mambo ya moyoni: upande mmoja nchi ya Anasa, upande mwingine nchi ya Majaribu, huku bahari ya Kufaulu na milima ya Jitihadi ikikamilisha ramani. Msomaji anatabasamu, kwa kuwa anajua yuko mikononi mwa fundi.

Kisha tunamkuta mfalme mwenye kila kitu ila mtoto. Huu ni msiba unaoeleweka katika kila nyumba ya Afrika, kuanzia ikulu hadi kibandani. Hauhitaji istiara kuuelewa. Waganga na watabiri wanaitwa, kundi baada ya kundi. Mwisho unatolewa utabiri: mtoto wa kiume atazaliwa, lakini atakuja kuugua, na ugonjwa wake hautapona ila kwa kafara ya watu wawili, mjinga na mwerevu.

Naomba tusite kidogo hapa. Katika kazi zote za Shaaban Robert ninazozijua, sioni wazo la kubuni lenye nguvu kulishinda hili. Nani atakayepelekwa? Mwerevu wa kweli atakubali kujulikana kuwa mwerevu siku werevu unapokuwa hukumu ya kifo? Na akijifanya mjinga ili aokoke, si atakuwa amejiweka katika fungu la pili la kafara ile ile? Nchi nzima, kuanzia siku hiyo, ingepaswa kuishi katika hofu ya kuwa na akili na hofu ya kukosa akili. Wazazi wangewafundisha watoto wao kuwa watu wa katikati. Hiyo ndiyo riwaya niliyoanza kuisoma akilini mwangu nilipofika mahali hapo. Siyo niliyoikuta katika kurasa zilizofuata.

Mahali hadithi inapokaa chini

Badala ya kuifuata hofu hiyo, kitabu kinaketi na kuanza kufundisha. Mtoto wa mfalme anapata mwalimu, Utubusara Ujingahasara, mwenye mawazo mema sana juu ya malezi: anataka masomo yachanganywe na michezo, anataka mwili ulelewe pamoja na akili. Mawazo hayo yanamletea matatizo na wakubwa. Mimi ni mwalimu, nayakubali yote. Lakini kukubaliana na mhusika si sawa na kumhofia mhusika. Karama anapofungua kinywa tunajua kwamba neno moja baya litammaliza. Utubusara anapofungua kinywa tunajua kwamba tutafaidika.

Litazame jina lake. Utu na busara. Ujinga ni hasara. Mjadala mkuu wa kitabu, yaani ujinga ni nini na werevu ni nini, umekwisha amuliwa ndani ya jina la mhusika kabla haujaanza. Yapo majina ya namna hii katika Kusadikika pia, na Majivuno ni mfano ulio wazi. Kwa hiyo siilaumu mbinu yenyewe, ambayo ni ya kale na ya halali. Nailaumu kazi iliyopewa hapa. Jina la Majivuno latueleza tabia ya adui. Jina la Karama lina maana ya kipaji na ya heshima, lakini halituambii kama mwenye kipaji hicho ataishi au atauawa. Jina la Utubusara Ujingahasara latuambia nani atashinda, na kwa hoja gani.

Hata marudio, ambayo ndiyo nguzo ya kitabu cha kwanza, hapa yamepoteza mzigo wake. Makundi ya waganga yanafuatana kama wajumbe walivyofuatana, lakini kushindwa kwa kundi moja hakumwumizi mtu wala hakufungi mlango wowote. Liondoe kundi moja, na mfalme atabaki vile vile, bila mtoto na bila subira. Marudio yasiyoongeza gharama ni orodha. Na kafara inapofika wakati wake, hoja zinatolewa, busara inatamalaki, na kafara inaachwa. Namshukuru mwandishi kwa kuwahurumia binadamu wake. Lakini nchi iliyokuwa tayari kuchinja watu wawili kwa sababu ya utabiri ingepaswa kushindana na hoja hizo kwa nguvu zaidi. Hofu ya baba anayemwona mwanawe akifa haiondoki kwa hoja nzuri peke yake. Hapo ndipo kilipokuwa kiini cha msiba, na hapo ndipo nilipojihisi kama mgeni aliyekaribishwa karamuni akaandaliwa maelezo ya mapishi.

Utetezi na jibu lake

Wenzangu kadhaa wameniambia kwamba ninakisoma kitabu kwa miwani isiyo yake. Wao huona kwamba Kufikirika ni risala juu ya elimu na juu ya ushirikina, iliyovikwa kanzu ya hadithi, na kwamba yapaswa kupimwa kama risala. Naliheshimu wazo hili. Likikubaliwa, basi kitabu kina thamani kubwa: ni wachache waliosema kwa Kiswahili, kwa ufasaha huo, kwamba mtoto anajifunza kwa kucheza na kwamba damu ya mtu haiponyi mtu.

Lakini utetezi huu una gharama zake. Ukisema kwamba kitabu ni risala, umekwisha kubali kwamba hadithi yake ni kanzu tu, na kwamba kanzu yaweza kuvuliwa. Jaribu kuivua Kusadikika. Waache wajumbe, chukua mafunzo yao peke yake: kwamba haki ni bora kuliko dhuluma, kwamba nchi huendelea kwa kujifunza kutoka kwa wengine. Yatabaki maneno ambayo hata Majivuno mwenyewe angeweza kuyatamka siku ya sikukuu. Nguvu yake imo katika gereza alimoingia kila mjumbe aliyeyaleta. Wala mtu asiseme kwamba Shaaban Robert hakuwa na ustadi wa kuishika hadithi ya maajabu hadi mwisho wake. Katika Adili na Nduguze (1952) tunamwona mtu mwema akilazimika kuwapiga kila usiku ndugu zake mwenyewe waliogeuzwa nyani, na uchungu wa tendo hilo unakipa kitabu kizima mapigo ya moyo. Ustadi alikuwa nao. Katika Kufikirika aliuweka kando, akachukua chaki.

Faida ya masikitiko

Ni nini faida ya kusema haya yote? Faida ya kwanza ni ya darasani. Tukimfundisha mwanafunzi kwamba vitabu hivi viwili ni sawa kwa kuwa vina mwandishi mmoja na majina yanayofanana, tunamfundisha asiyasadiki macho yake mwenyewe. Yeye amesoma, ameona, amerudi na habari. Nasi tunamwambia kwamba aliyoyaona hayapo. Katika Kusadikika watu waliowatendea wajumbe hivyo walikuwa na jina, na hatungependa kuitwa kwa jina hilo.

Faida ya pili ni ya waandishi. Riwaya ya nchi za kubuni haikukoma kwa Shaaban Robert. Katama Mkangi alipoandika Walenisi, riwaya iliyotoka mwaka 1995, alianza na mtu aliyehukumiwa, Dzombo, anayerushwa angani ili afe, na ambaye anafika katika ulimwengu mwingine wenye haki. Humo mna hotuba nyingi pia, na wapo wasomaji wanaozilalamikia. Lakini tunazisikiliza tukiwa upande wa mtu aliyekwisha kuonja kifo, nasi tunataka kujua kama yanayosemwa yaweza kusadikiwa. Kwa maoni yangu hiyo ni njia ya Karama zaidi kuliko njia ya Utubusara. Kijana anayetaka kutubunia nchi mpya leo afanye hivyo kwa uhuru wote, aiweke angani au chini ya bahari. Ila kabla ya kuweka mwalimu katika nchi hiyo, na aweke humo mtu mwenye kitu cha kupoteza.

Kwa upande wangu nitaendelea kuvifundisha vitabu vyote viwili, na nitaendelea kuvifundisha pamoja, kwa sababu tofauti yao inafundisha zaidi ya kila kimoja peke yake. Nitawaomba wanafunzi wasome utabiri wa kafara, wafunge kitabu, na waandike wao wenyewe yanayofuata. Kisha wakifungue tena na kulinganisha. Kama yuko atakayeniletea hoja kwamba nimekosea, kwamba katika Kufikirika imo hatari ambayo sikuiona, nitamsikiliza hadi mwisho wa habari yake, na wala sitampeleka gerezani.